Mlango wa Kasualti: Nani Anawajibika Ukiwa Bado Ndani ya Ambulensi?

Wadau, mmenijaza inbox mkitaka maneno niliyosema Alhamisi kwenye kikao cha klabu yetu ya mdahalo. Haya hapa, karibu yote. Nimetoa tu vicheko na pale maikrofoni ilipozima. Masharti ya uzi huu hayajabadilika: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja, nafuta.

Hamjambo nyote. Mlioketi kwenye ngazi, poleni, viti vimeisha na si kosa langu.

Mada ya leo nimeichagua kwa sababu kila msimu wa siasa inarudi, na kila msimu tunaijadili vibaya. Mnaijua ile picha. Ambulensi mpya zimepangwa uwanjani, utepe umefungwa, mheshimiwa anaukata, king'ora kinalizwa kidogo watu washangilie. Halafu mtandaoni vita vinaanza. Hawa wanasema wetu ameleta kumi. Wale wanasema wa kwetu alileta kumi na mbili, tena kwa bei nafuu. Wengine wanauliza kwa nini kukodisha badala ya kununua. Siku tatu nzima tunahesabu magari.

Sijasema bei haina maana. Pesa ni zetu, tuulize. Lakini sijawahi kuona mtu kwenye zile vita akiuliza: aliye ndani ya hilo gari ni nani? Sheria inamruhusu kufanya nini na mwili wangu? Na gari likifika hospitali likaambiwa hakuna nafasi, kuanzia dakika hiyo mimi ni mgonjwa wa nani? Hapo mlangoni ndipo nataka tukae leo.

Nianze na ya nyumbani. Kaunti sitaitaja, hospitali sitazitaja, kwa sababu haya hutokea kwingi na sitaki mtoke hapa mkisema ni shida ya watu fulani.

Binamu yangu alikuwa mwendesha boda. Usiku mmoja, kama saa nne hivi, gari likamgonga na kukimbia. Shangazi akanipigia mimi, wa Nairobi, kana kwamba Nairobi ndiko ambulensi zinakolala. Kila familia ina mtu wake wa Nairobi wa kupigiwa simu; kwetu ni mimi, tena sina kazi. Nikajaribu 999, nikajaribu 112. Hizo ni namba za polisi. Mwishowe jirani mmoja akapatikana na namba ya dereva. Sikilizeni vizuri: namba ya dereva, sio ya kituo. Dereva akasema gari lipo, yeye yupo, mhudumu yupo, mafuta ndiyo hayapo. Elfu mbili na mia tano. Tukachanga kwenye grupu ya familia, pesa ikaenda, gari likatoka.

Hospitali ya kwanza: hatuna daktari wa upasuaji usiku huu. Ya pili: hatuna kitanda. Ya tatu, ya kibinafsi: mna bima gani, ama mna pesa ya kuanzia? Wakakaa getini zaidi ya saa moja. Mhudumu wa ambulensi, kijana wa rika langu, alikuwa amekishika kichwa cha binamu kwa mikono miwili ili shingo isicheze, macho yake kwenye mshale wa mtungi wa oksijeni ukishuka. Aliyewafungulia mwishowe ni afisa wa kliniki aliyekuwa anaondoka zamu. Akauliza, "Huyu amekaa hapa tangu saa ngapi?" Akarudi ndani na kusema aletwe.

Binamu yuko hai. Goti la kushoto halikunji, pikipiki iliuzwa, sasa anauza vocha na sabuni. Nilipoenda nyumbani Desemba nilimtafuta yule mhudumu nimshukuru. Nikamkuta kwenye kibanda cha chai karibu na kituo chao. Nilidhani tutaongea dakika tano, tukaongea mpaka chai ikapoa. Aliniambia hivi:

"Dada, usiku ule nilikuwa na njia tatu, na zote niliona jela mwisho wake. Nikimwacha getini niondoke, nimemtelekeza mgonjwa. Nikimrudisha nyumbani, afie njiani, ni mimi. Nikibaki pale, kuna simu nyingine zinaingia na gari ndilo hili hili."

Na kweli simu ilikuwa imeingia. Mama wa kujifungua, upande wa pili wa kaunti. Sikumuuliza yule mama alifikaje. Niliogopa jibu.

Sasa tufungue karatasi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Basi. Ni sentensi fupi kuliko nyingi mnazoandika mkilalamikia bando. Haina "akiwa na bima," haina "akiwa na kitambulisho," haina "akiwa raia." Watu wa serikali wakibanwa husema kifungu cha 21 kinaruhusu haki za kifungu cha 43 zitimizwe hatua kwa hatua. Kwa haki kama nyumba na maji, sawa, naelewa. Lakini neno "asinyimwe" ni katazo. Kutomnyima mtu si kitu cha kufanya hatua kwa hatua. Huwezi kumnyima nusu leo na kumalizia mwaka ujao. Huo ni msimamo wangu, wanasheria mlio humu mnaweza kunipiga baadaye.

Sentensi yetu ina dada yake Afrika Kusini. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 27(3), inasema karibu maneno hayo hayo, na Mahakama yao ya Katiba ililazimika kuyafasiri mapema, 1997, kwenye kesi ya Soobramoney. Huyu alikuwa mgonjwa wa figo wa Durban aliyetaka asafishwe damu katika hospitali ya umma. Alishindwa. Mahakama ilisema ugonjwa wa muda mrefu si dharura. Dharura ni lile janga la ghafla. Wengi wanaikumbuka kesi hiyo kwa uchungu wake, na wana haki. Lakini ndani yake mahakama ilieleza pia haki hii inamlinda nani: mtu aliyepatwa na janga la ghafla asikataliwe ambulensi iliyopo, na asifukuzwe na hospitali yenye uwezo wa kumtibu. Yaani majaji walipofikiria neno "dharura," gari lilikuja kichwani kabla ya wodi.

Sisi tulichukua muda zaidi. Oktoba 2015, katiba yetu ikiwa na miaka mitano, mtu aliyegongwa na gari Kangemi, hapa Nairobi, alikaa ndani ya ambulensi saa 18. Kumi na nane. Alizungushwa hospitali moja hadi nyingine akitafutiwa kitanda cha ICU. Alifariki. Nchi ilikasirika kweli kweli, wengine wenu mlikuwa shule ya msingi lakini mtakumbuka wazazi wakiongea. Tulikasirikia hospitali. Kuna kitu nilikuja kukifikiria baadaye sana, baada ya ile chai: kwa hizo saa 18 kulikuwa na watu wengine ndani ya lile gari. Wahudumu. Walikula nini, waliongea nini na mke wake, waliweka oksijeni ngapi. Hakuna aliyewapokonya mgonjwa, na hakuna aliyewapa nguvu ya kumfungulia mlango.

Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Afya ya 2017. Kifungu cha 7 ndicho ningependa mkikariri, hata kama mtasahau mengine yote. Kinasema matibabu ya dharura yana sehemu tatu: huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na, pale aliyemfikia kwanza hana vifaa au ujuzi wa kumtuliza, kupanga ahamishwe. Kisha kinasema taasisi ya matibabu ikishindwa kutoa huduma hiyo ilhali ina uwezo, ni kosa la jinai, faini isiyozidi shilingi milioni tatu.

Tusome polepole, kwa sababu utamu na uchungu viko kwenye maneno madogo.

La kwanza, "kabla ya kufika hospitali." Bunge lenyewe lilisema haki yako inaanza barabarani. Haisubiri mlango. Kwa hiyo gavana, yeyote yule, akisema "hospitali zetu zinapokea kila mtu," amejibu theluthi moja ya swali.

La pili, "ilhali ina uwezo." Hapa ndipo "hatuna kitanda" ilipozaliwa upya. Ukisema huna uwezo, umetoka kwenye kosa. Na nani anapima kama kweli huna? Wewe mwenyewe, kupitia kwa mlinzi wa geti. Mimi simlaumu kila anayesema hana kitanda. Kuna usiku kweli havipo, na muuguzi mmoja ana wagonjwa ishirini. Lakini rudini kwenye sehemu ya tatu: kupanga ahamishwe. Sheria haisemi ukikosa uwezo funga dirisha. Inasema panga. Piga simu wewe, tafuta wewe, mtulize akiwa anasubiri. Hospitali ya pili ya binamu yangu haikuvunja sheria kwa kukosa kitanda. Naamini iliivunja kwa kumwachia kijana mwenye mtungi unaoisha kazi ya kutafuta kingine.

La tatu ni "taasisi ya matibabu." Hili hunitoa jasho. Faini ni ya taasisi. Sasa gari lisilo na mafuta ni taasisi? Idara ya kaunti iliyosahau kulipa kituo cha petroli ni taasisi ya matibabu? Nani alishtakiwa kwa ile elfu mbili na mia tano yetu? Hakuna, na hata mimi sikujua nimshtaki nani. Dereva? Dereva alikuwa anaomba kwa aibu. Kucheleweshwa ni kunyimwa pia, damu haisubiri mchango, lakini sheria yetu haijamwandikia jina mtu wa kujibu kwa kucheleweshwa huko.

Kwa nini nasema kaunti? Kwa sababu Jedwali la Nne la katiba, likiorodhesha kazi za kaunti kwenye afya, linataja huduma za ambulensi kwa jina. Hivyo mbunge akikuahidi ambulensi jukwaani, piga makofi kama unataka, lakini muulize nani atalipa mafuta na mshahara mwaka wa pili, maana hiyo si kazi aliyopewa na katiba. Nimeona magari ya namna hiyo yakiota nyasi, picha ya mheshimiwa bado inang'aa mlangoni.

Turudi kwa aliye ndani.

Daktari wa Kenya ana sheria yake, sura ya 253. Muuguzi ana yake, sura ya 257. Maafisa wa kliniki walipata yao mpya mwaka huo huo wa 2017. Hizo sheria hufanya mambo mawili kwa pamoja: zinamlinda mtaalamu anayefanya kazi ndani ya mipaka yake, na zinakulinda wewe, kwa sababu akikuumiza kuna baraza la kulalamikia na leseni ya kupokonywa. Wahudumu wa ambulensi wamefanya kazi miaka mingi bila sheria ya aina hiyo yenye jina lao. Wana mafunzo, wana vyeti, wana vyama vyao wenyewe vya kitaaluma, na kuna sera ya kitaifa ya huduma za dharura ya 2020 hadi 2030. Sera ni kitu kizuri. Ila sera haimpeleki mtu mahakamani wala haimtoi.

Yule kijana aliniambia kitu ambacho bado kinanisumbua. Usiku wa binamu, mafunzo yake yalimwambia kuna dawa ya maumivu na kuna jambo moja zaidi la kufanya kwenye mguu. Sitaingia ndani, mimi si mtu wa afya. Alijua kulifanya, alishalifanya darasani na chini ya daktari. Hakulifanya. "Ningefanya vizuri, hakuna angejua. Ningefanya vibaya, ningeulizwa nani alikuruhusu, na sina karatasi ya kuonyesha." Kwa hiyo akakishika kichwa tu, akasubiri. Hapo mnaona pengo la sheria linavyoingia mwilini mwa mtu, kwenye goti lisilokunja. Labda goti lingeharibika hata hivyo. Sijui, na yeye pia hajui, na nadhani ndiyo maana hakunitazama usoni akisema hayo.

Lakini pengo hilo linakata pande zote mbili, msiondoke mkidhani nawatetea wahudumu tu. Mwingine, asiye na mafunzo, anaweza kuvaa fulana yenye msalaba na kupanda gari lenye king'ora, na wewe ukiwa umezimia huna namna ya kujua. Kaunti ikitangaza imeajiri "wahudumu wa dharura," swali letu liwe: wamesajiliwa na nani, na nikiumizwa nalalamika wapi? Mkijibiwa "kwa ofisi ya gavana," jueni jibu halipo.

Kuna mambo mengine ya maadili ambayo huwa hayafiki kwenye mijadala, nitayapitia mbio mbio isipokuwa moja.

Ridhaa. Watu hudhani kwenye ambulensi huulizwi. Unaulizwa. Sheria ya Afya, kifungu cha 9, inataka ukubali ukiwa umeelewa, na inaruhusu utibiwe bila kukubali pale kuchelewa kunaweza kukuua au kukuharibu kabisa, mradi hujakataa. Hiyo "mradi hujakataa" ni mzigo mkubwa. Mzee amegongwa, anatoa harufu ya pombe, anasema "niacheni niende kwangu." Je, ni uamuzi wake ama ni kichwa kilichogongwa kinachoongea? Mhudumu ana dakika chache na umati unaorekodi. Akimbeba kwa nguvu na mzee alikuwa na akili timamu, amekosea. Akimwacha na mzee afe saa nane usiku, amekosea zaidi. Kwenye mafunzo huambiwa mweleze, mpime kama anaelewa, mwambie jamaa zake, andika, tafuta shahidi. Mjaribu hilo kando ya barabara kuu na matatu zinapiga honi.

Picha. Nitasema kwa ukali kidogo. Mtu aliyelala kwenye machela hajakubali kuwa maudhui yako. Kifungu cha 31 cha katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya miongoni mwa data nyeti. Hili linawahusu wahudumu wanaopiga picha ndani ya gari, linatuhusu sisi wa simu, na linamhusu mheshimiwa anayefika eneo la ajali na kamera tatu, anaushika mkono wa majeruhi asiyejua jina la siku. Tukiona picha hiyo huwa tunasema "kiongozi wa watu." Hebu siku moja tuulize nani alitoa ruhusa.

Na hii ndiyo ninayotaka kukaa nayo: maandamano. Najua mmoja wenu hapo nyuma alikuwa ananisubiri nifike hapa.

Juni 2024 wengi wetu tulikuwa mjini. Tuliwaona wahudumu na madaktari wa kujitolea wakiwa na makoti meupe wakibeba watu kwenye moshi. Sitazungumzia nani alikuwa na haki, huo ni uzi mwingine na niliufunga kwa sababu ya matusi. Naulizia kitu kidogo. Gari moja, majeruhi wawili: kijana mwenye risasi mguuni na afisa wa polisi aliyepasuka kichwa kwa jiwe. Nani kwanza? Mtaani jibu linategemea ulikuwa upande gani. Kwa mhudumu jibu ni moja: aliye karibu zaidi na kufa na anayeweza kuokolewa. Huenda ni afisa. Huenda ni kijana. Mhudumu akianza kuuliza alikuwa anafanya nini kabla ya kuumia, kazi yake imeisha hapo hapo, amekuwa hakimu na hana hata meza.

Tuongeze. Kijana amepakiwa, gari liko tayari, mlango unafunguliwa: "Huyo tunamhitaji. Na mtupe majina ya wote mliobeba leo." Majina na majeraha ni siri za wagonjwa, sheria imeweka njia za kuzipata, kama amri ya mahakama, na kupigia mtu kelele mlangoni si mojawapo. Kuhusu kukamatwa, kifungu cha 51 kinasema aliyeshikiliwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kwenda pamoja na kushikiliwa kwake. Kutibiwa risasi kunaenda vizuri kabisa na kushikiliwa. Mkamate akiwa kitandani, weka mlinzi wodini, lakini gari liondoke. Hivyo ndivyo naisoma.

Na kwa haki, swali hili lina upande ambao hatuupendi. Siku ambayo umati unazuia ambulensi kwa sababu kuna tetesi imembeba askari, umati huo nao unakinyima kifungu cha 43(2) nguvu yake. Tulilaani upande mmoja kwa sauti kubwa na upande mwingine kwa mnong'ono. Mimi pia, sijitoi.

Haya, muda. Naambiwa nina dakika nne.

Mtauliza, si sasa kuna bima mpya? Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina tatu, na moja ni ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Kwenye karatasi, hilo linamwondolea yule mwenye geti swali la "nani atalipa." Ndiyo maana mjadala kuhusu hazina hiyo usiishie kwenye makato ya mishahara peke yake. Muulizeni anayeitetea na anayeipinga, wote wawili: pesa ya dharura inamfikia nani, kwa muda gani, na mlinzi wa geti ameshaambiwa?

Na mjue tarehe. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kabla ya 30 Juni. Katikati hapo kuna vikao vya ushiriki wa umma, ambavyo huwa na wazee sita, MCA mmoja, na soda. Nendeni. Msiulize "mmenunua ambulensi ngapi." Ulizeni laini ya mafuta ni shilingi ngapi na mwaka jana iliisha mwezi gani. Ulizeni kwa zamu moja kuna wahudumu wangapi, wako kwa mkataba wa miezi mingapi. Yule wa kwetu alikuwa kwa mkataba wa miezi sita, na ilikuwa mara yake ya tano. Ulizeni kama kuna namba moja ya simu, ya kituo, sio ya dereva. Na ulizeni kama hospitali za kaunti na za kibinafsi zimeandikiana popote kwamba ambulensi ikifika getini, nani anampokea mgonjwa na ndani ya dakika ngapi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kikao kimoja cha kwetu nikauliza hilo la mafuta. Afisa aliandika kwenye daftari, akasema "swali zuri, mrembo," akaita mtu mwingine. Nilikasirika njia nzima. Nimeliandika sasa kama barua rasmi chini ya kifungu cha 35, kile cha haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa siku 21 za kunijibu. Leo ni ya kumi na nne.

Asanteni. Nani ana swali?

Maswali ya ukumbini yalikuwa mengi, nitayaweka kesho. Kama wewe ni mhudumu wa ambulensi na nimekosea mahali kuhusu kazi yenu, nisahihishe hapa chini, nitabandika juu. Barua ikijibiwa, au siku 21 zikiisha kimya, nitarudi kwenye uzi huu huu.